Kando ya Mto Glaslyn, Mgeni Anahitaji Jirani

Tarehe 1 Septemba 2024 Halmashauri ya Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, ilianza kutumia kanuni ambayo hakuna halmashauri nyingine ya nchi hiyo iliyokuwa imeitumia. Mwenye nyumba ya kuishi aliyetaka kuigeuza nyumba ya likizo, iwe ya kupumzikia mwenyewe au ya kukodisha wageni, alitakiwa aombe kibali kwanza. Juni 2025 Mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri, inayosimamia milima yenyewe, ikafuata nyayo. Wapinzani hawakukaa kimya, na kanuni ya Gwynedd waliifikisha Mahakama Kuu. Mzazi aliyeko Birmingham au Manchester, mwenye watoto watatu na wiki moja ya likizo ya shule, anayepekua picha za vijumba vya mawe kando ya mto, akisoma habari hii anaweza kudhani anafukuzwa kabla hajafika. Mimi naona kinyume chake. Katika watu wote wanaoguswa na kanuni hizi, mgeni mwenye watoto ndiye mwenye sababu kubwa ya kuziunga mkono, kwa kuwa anacholipia pale hakiishii kwenye kuta, vitanda na mandhari. Analipia kuwa mgeni katika kijiji kinachokaliwa na watu. Kijiji hicho kikiondoka, nyumba ya kando ya mto inabaki kuwa mahali pa wasiwasi.

Kwanza mahali penyewe. Eryri ni milima ambayo Waingereza waliizoea kwa jina la Snowdonia. Tangu Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi inatumia majina ya Kiwelisi, na mlima mkuu unaitwa Yr Wyddfa. Una mita 1,085. Mkazi wa Nairobi anaishi juu zaidi ya kilele hicho bila kupanda hata ngazi moja, lakini asidharau. Yr Wyddfa unainuka karibu kutoka usawa wa bahari, mabonde yake yalichongwa na barafu ya kale, na miteremko yake ni mikali. Chini ya kilele kuna ziwa dogo, Llyn Glaslyn, na humo ndimo unamoanzia mto wenye jina hilohilo. Unashuka hadi ziwa Llydaw, unapita bonde la Nant Gwynant lenye maziwa mawili, unakutana na mto Colwyn katikati ya kijiji cha Beddgelert, unajipenyeza kwenye korongo la Aberglaslyn, kisha unaingia baharini Porthmadog. Nitakaa zaidi hapo Beddgelert, kwa sababu kina karibu kila kitu ambacho familia huwa inakitafuta: nyumba za mawe ya kijivu zilizopangana ukingoni mwa maji, daraja la mawe, njia ya miguu inayofuata mto, na garimoshi la reli nyembamba linalokatiza korongoni kwenda pwani, ambalo njia yake nzima ilifunguliwa upya mwaka 2011.

Kijumba chenyewe kina historia ambayo tangazo la kukodisha huigeuza pambo. Kuta ni nene, za mawe yaliyookotwa shambani au kuvunjwa mlimani. Paa ni la sleti, jiwe la kijivu au la zambarau ambalo fundi hulipasua kwa patasi likatoa vigae vyembamba. Madirisha ni madogo kwa sababu kioo kilikuwa ghali na upepo ulikuwa mwingi. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na chumba kimoja tu, meko upande mmoja, na juu ya upande wa pili dari nusu ambayo Wawelisi wanaiita croglofft: wazazi walilala chini yake, watoto walipanda ngazi wakalala juu. Leo dari hiyo ndiyo inayopigwa picha kabla ya kitu kingine chochote, maana watoto wa mjini wanaipenda. Ngazi imetiwa kizuizi na godoro ni zuri kuliko la zamani. Waliolala humo zamani walikuwa wana wa wachungaji, wachimba shaba na wachimba sleti. Mwishoni mwa karne ya 19 eneo hili lilikuwa likitoa takriban theluthi moja ya sleti zote za kuezekea duniani. Mgomo wa machimbo ya Penrhyn, uliodumu kutoka 1900 hadi 1903, uliupasua mji wa Bethesda ndugu wakawa hawasalimiani. Machimbo makubwa ya Dinorwic yalifungwa 1969, na mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza mandhari ya sleti katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kazi iliyojenga nyumba ilikufa, nyumba zikabaki, na sehemu yake ndiyo inayokodishwa sasa kwa wiki.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba utalii ni uvamizi wa juzi. Kivutio mashuhuri kuliko vyote Beddgelert ni kaburi la mbwa. Hadithi inasema mtawala Llywelyn alirudi kutoka mawindoni akamkuta mbwa wake Gelert ana damu mdomoni na kitanda cha mtoto kimepinduka. Akamchoma upanga. Ndipo akasikia mtoto analia, mzima kabisa, kando ya mzoga wa mbwa mwitu ambaye Gelert alikuwa amemuua ili kumwokoa. Wasomaji wa Kalila na Dimna wataitambua mara moja, kwani huko aliyeuawa kwa haraka ya bwana wake ni mnyama mdogo aliyemwokoa mtoto na nyoka. Kaburi lenyewe, mawe machache chini ya mti malishoni karibu na mto, linaaminika liliwekwa mwishoni mwa karne ya 18 na mwenye hoteli ya hapo, David Pritchard, ili wageni wapate cha kuja kukiona. Kama ni hivyo, alikuwa mfanyabiashara hodari, kwa sababu wanakuja mpaka leo. Kijiji kimeishi kwa wageni zaidi ya miaka 200. Lakini Pritchard alikuwa akiishi palepale. Aliyevutwa na kaburi alilala kwake, akala mezani kwake, akaelekezwa njia na watu walioijua. Utalii huo haukuwezekana bila wakazi. Huu wa sasa unaweza kuendeshwa mwaka mzima na mtu aliyeko London, simu mkononi, na mlangoni pakawekwa kisanduku cha ufunguo chenye namba za siri. Mgeni anafika usiku, anabonyeza tarakimu nne, anaingia. Wiki inaisha hajaonana na yeyote.

Kwenye nyumba ya mjini hilo halina shida kubwa. Kando ya mto wa mlimani lina shida, na sababu ni mto wenyewe. Kwa mtoto, mto mdogo ni mchezo usiokwisha. Siku kavu za kiangazi maji ya Glaslyn ni maangavu, na pembezoni kuna mahali yanapofika kifundoni au gotini. Kuna mawe ya kurusha, mawe ya kuzibia kijito, na mawe ya kugeuza ili kuona mabuu yaliyojificha chini yake. Kuna ndege mdogo mweusi mwenye kifua cheupe anayesimama juu ya jiwe akiinamainama, kisha anaingia majini na kutembea chini kwa chini akitafuta chakula. Mtoto akimwona mara ya kwanza hataki kuamini. Upande wa chini wa bonde, karibu na Pont Croesor, tangu 2004 wanazaliana tai wavuvi, ndege wanaoishi kwa samaki na wanaokwenda Afrika Magharibi kuukimbia msimu wa baridi. Kuvua kwa ndoano nako kupo, kwa ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi, na mtoto wa chini ya miaka 13 hahitaji leseni ya serikali. Akimnasa samoni sharti amrudishe majini, kwa kuwa tangu 2020 sheria ndogo za Wales zinataka samoni wote waachiliwe, wamepungua mno. Sijui bwawa la hoteli linaloweza kumshughulisha mtoto wa miaka minane kuanzia asubuhi hadi jioni namna hiyo, siku tano mfululizo, bila mashine wala malipo ya ziada.

Lakini mto huohuo unalishwa na mlima unaopata mvua kuliko karibu mahali popote pa Uingereza. Ukingo wa Crib Goch, unaotazama chanzo cha Glaslyn, hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, yaani mara tatu na zaidi ya mvua ya Dar es Salaam. Udongo wa juu ni mwembamba, mwamba haunyonyi, mteremko ni mkali. Mvua iliyonyesha kileleni asubuhi inaweza kuwa imefika kijijini mchana, na mahali watoto walipokaa jana wakila mikate pamefunikwa na maji ya rangi ya chai yanayokwenda kasi. Jambo la hatari ni kwamba huko chini huenda hakujanyesha hata tone. Baridi nayo si ya kufanyia mzaha hata mwezi Julai. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 yanatosha kumfanya mtu aliyetumbukia ghafla atwete na kushindwa kuitawala pumzi yake, na ndiyo maana RNLI, taasisi ya uokoaji majini, inafundisha kwamba aliyeanguka asianze kwa kuogelea: alale chali, aelee, asubiri pumzi irudi, ndipo atafute njia ya kutoka. Mzazi na amfundishe mtoto hivyo kabla ya kumwonyesha mto. Ajue pia kwamba sheria ya mwaka 2000 inayowaruhusu watu wote kutembea kwenye nyika na milima ya Wales haiwapi haki ya jumla ya kuogelea au kupiga kasia mitoni, hivyo kuuona mto dirishani si sawa na kuwa huru kuingia popote.

Ujuzi wa kuishi na mto wa aina hii haupatikani wote kwenye simu. Taasisi ya Maliasili Wales hutoa tahadhari za mafuriko za ngazi tatu, na mgeni akidharau tahadhari hizo atakuwa amejitakia. Ila tahadhari hutolewa kwa bonde zima au sehemu yake, haiutaji mlango wako, na katika mabonde haya kuna pembe nyingi ambako simu haishiki. Anayejua kwamba barabara ya chini hufunikwa na maji kabla ya ile ya juu, au kwamba kizingiti cha nyumba fulani kiko chini kuliko kinavyoonekana, ni mtu aliyepaona mahali hapo katika majira yote. Ndivyo ilivyo kwa uokoaji. Vikosi vya uokoaji milimani, kile cha Llanberis upande wa pili wa Yr Wyddfa na kile cha Aberglaslyn upande huu, ni vya watu wanaojitolea: mwalimu, fundi bomba, mkulima, anayeacha chakula mezani kwenda kumtafuta mtoto wa mgeni gizani. Ili mtu ajitolee hivyo usiku wa manane wa Februari, sharti awe analala karibu. Ukiwa na bonde lenye nyumba mia na zote ni za wageni, utapata watu mia kadhaa wanaoweza kuhitaji kuokolewa na hutapata wa kuwaokoa.

Kuna pia mambo madogo ya ndani ya nyumba ambayo hayaandikwi kwenye tangazo. Nyumba nyingi za mashambani hazijaunganishwa na bomba la shirika la maji. Maji yao hutoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakapitishwa kwenye chujio na taa ya miale inayoua vijidudu. Kanuni za Wales za mwaka 2017 zinazitaka halmashauri zikague vyanzo vya namna hiyo vinapohudumia nyumba za kukodisha, lakini ukaguzi haumwangalii mtu kila siku, na taa ikizimika mwenye kuigundua ni anayepita hapo. Maji machafu nayo hayaendi kwenye bomba la mji, yanaingia tangi lililofukiwa bustanini, hatua chache kutoka mtoni. Familia ikitupa chooni vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, tangi linaziba, na kinachofurika kinateremkia maji yaleyale ambamo watoto wao watacheza kesho. Mwenye nyumba anayeishi jirani atawaambia hayo dakika tano za kwanza, huku akiwaonyesha namna ya kuwasha jiko la kuni bila kuijaza nyumba moshi. Karatasi iliyobandikwa jokofuni nayo inaeleza, lakini nani huisoma?

Basi tuangalie kinachotokea wakazi wanapopungua. Ripoti za Halmashauri ya Gwynedd yenyewe zimekadiria kwamba karibu nyumba moja katika kila kumi za wilaya hiyo ni ya likizo, ya kukodishwa au ya pili, na kwamba zaidi ya nusu ya wenyeji hawana uwezo wa kununua nyumba katika soko hilo. Wastani huo unaficha mengi, kwani bara kuna vijiji visivyo na tatizo na pwani kuna vilivyokwisha kuzama. Abersoch, kijiji cha ufukweni kwenye rasi ya Llŷn, ni mahali ambapo karibu nusu ya nyumba si makazi ya kudumu ya mtu. Shule yake ya msingi ilifungwa mwishoni mwa 2021, wanafunzi wakiwa hawafiki hata kumi. Shule ikishafungwa, familia changa haina sababu ya kuhamia. Duka linabaki na wateja wa miezi miwili. Anayekuja kubadilisha mashuka Jumamosi anatoka mbali na nauli yake inaongezwa kwenye bei ya wiki. Lugha inakwenda na watu. Sensa ya 2021 iliwakuta wanaozungumza Kiwelisi Gwynedd ni 64.4%, wakati Wales nzima ni 17.8%, na katika sehemu zote mbili idadi ilikuwa imeshuka tangu 2011. Mgeni anayesikia Kiwelisi dukani anasikia kitu ambacho hakiwezi kuwekwa kwenye jumba la makumbusho, na kinategemea mtoto wa muuza duka kupata nyumba.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito, na wanaolitoa si watu wa nje tu. Wanasema vijumba hivi vilikuwa magofu. Machimbo yalipofungwa vijana waliondoka, paa zikaanguka, na wenyeji wenyewe hawakuvitaka kwa unyevu wake na umbali wake. Waliovinunua kwa bei rahisi na kuvikarabati walikuwa watu wa Liverpool na Manchester. Ni kweli kwa nyumba nyingi, hasa zile za upweke juu mlimani. Anayelikarabati gofu hamnyang'anyi mtu makazi. Lakini kanuni za 2024 na 2025 hazikulenga gofu la mwaka 1970. Zililenga nyumba inayokaliwa leo, katikati ya kijiji, ambayo kesho mwenyewe angeihesabu kuwa ya wageni bila kumwambia mtu. Na hata hiyo haikukatazwa moja kwa moja: ilitakiwa kuombewa kibali, na mahali ambapo nyumba za likizo ni chache kibali kiliweza kutoka. Hasira iliyozaa kanuni hizi ni ya muda mrefu. Kati ya 1979 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikundi kilichojiita Meibion Glyndŵr kilichoma moto nyumba za likizo zaidi ya mia mbili, jambo la jinai lisilo na utetezi. Fomu ya halmashauri ni njia ya kistaarabu zaidi ya kuumaliza ugomvi uleule.

Pingamizi la pili ni la fedha, na hapa lazima nikubali kwamba sheria inaumiza. Halmashauri za Wales ziliruhusiwa kuongeza kodi ya nyumba za pili hadi 100% tangu 2017, na hadi 300% tangu Aprili 2023. Gwynedd ilichagua 150%, maana yake mwenye nyumba ya pili analipa mara mbili na nusu ya jirani yake. Nyumba huepuka nyongeza hiyo ikihesabiwa kuwa biashara. Zamani ilitosha ikodishwe siku 70 kwa mwaka, kama ilivyo England. Tangu Aprili 2023 Wales inataka siku 182. Sasa piga hesabu. Siku 182 ni wiki 26 kamili, na likizo za shule kwa mwaka mzima ni wiki 13 hivi. Kijumba kilichowekewa vitanda vya ngazi, viti virefu vya watoto na uzio upande wa mto, hata kikijaa kila likizo bila kukosa wiki moja, kinafika nusu ya sharti tu. Wiki nyingine 13 zitoke kwa wapanda milima, wazee waliostaafu na wazazi wenye watoto ambao hawajaanza shule, wengine katika mvua ya Novemba. Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa kuwabana wenye nyumba za kufungwa inambana zaidi anayehudumia familia kuliko anayehudumia wapenzi wawili wasio na ratiba ya shule.

Je, hilo linaivunja hoja? Silioni hivyo. Sharti la siku 70 lilikuwa na mwanya mkubwa: nyumba ya biashara yenye thamani ndogo ya kodi ilikuwa ikipata msamaha wa wafanyabiashara wadogo, hivyo tajiri mwenye nyumba ya pili aliweza kuikodisha wiki 10 za kiangazi na kuacha kulipa kodi yoyote kwa kijiji kilichomzolea takataka mwaka mzima. Mwanya huo ulistahili kuzibwa. Kama 182 ni kubwa mno, mjadala uwe juu ya tarakimu. Na kuna faida ambayo wenye nyumba hawapendi kuitaja, kwamba anayelazimika kutafuta wageni wa Machi hushusha bei ya Machi, na mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu anapata kijumba ambacho Agosti asingekigusa. Mkulima aliyegeuza ghala lake la zamani kuwa chumba cha wageni alikuwa na malalamiko ya haki zaidi, maana kibali chake kinamkataza kulifanya makazi ya kudumu, iweje atozwe kwa kutolifanya? Hilo limerekebishwa: tangu Aprili 2023 nyumba zenye sharti kama hilo kwenye kibali haziguswi na nyongeza. Tofauti kati ya nyumba iliyofungwa na nyumba yenye wageni nayo imeingia katika sheria, kwa sababu tangu Oktoba 2022 mipango ya Wales inazitenganisha katika makundi matatu: makazi ya kudumu, nyumba ya pili, na ya kukodisha kwa muda mfupi. Ni mgawanyo mzuri. Taa inayowaka wiki 26 na watoto wanaonunua mkate dukani ni jambo moja; pazia lililofungwa kutoka Septemba hadi Pasaka ni jambo jingine.

Sitetei kila kitu kinachotoka Cardiff. Bunge la Wales lilipitisha mwaka 2025 sheria inayoziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa wageni, si kabla ya 2027, wa paundi 1.30 kwa mtu kwa usiku katika malazi mengi. Familia ya watu watano kwa wiki moja ni kama paundi 45 na nusu. Wenye mahema wamepewa nafuu na watoto wao hawahesabiwi. Kwenye kijumba mtoto anahesabiwa kama mtu mzima. Ingekuwa busara zaidi kuwaacha watoto kote, maana ndio wageni ambao bonde linapaswa kuwataka warudi miaka ishirini ijayo. Tena kanuni za kibali zina mpaka wake: zinaweza kuizuia nyumba isigeuke, hazimpi kijana wa Beddgelert mkopo wa kuinunua. Gwynedd inapeleka sehemu ya fedha za nyongeza ya kodi kwenye mpango wake wa makazi, na mafanikio au kushindwa kwa sera hii yote yatapimwa hapo, kwa nyumba zilizopata watu.

Familia inayopanga safari inaweza kuitumia hoja hii tangu kwenye kuchagua. Kati ya vijumba viwili vinavyolingana bei, chukua kile ambacho mwenyewe au mwangalizi wake analala kijijini, na umuulize kabla hujalipa: maji yalifika wapi mara ya mwisho mto ulipofurika, barabara ipi hufungwa kwanza, uzio wa upande wa mto una lango linalojifunga au la kamba, maji ya kunywa yanatoka bombani au kwenye chemchemi, na simu inashika upande gani wa nyumba. Mtu wa hapo atajibu yote bila kufungua karatasi. Kama safari ni ya Februari, ulizia pia kuni zinauzwa wapi, kwa sababu kuta nene zilizopoa wiki mbili huchukua siku nzima kupata joto.